Risasi Ileile

Gaylen Motz aliushusha mzigo wa vitofali vya madini ya risasi kwenye kibaraza cha nyuma, vioo vya dirisha vikatikisika. Akajishika kiuno, akaguna.

"Haya, mzee wa kiwanda, mzigo wako huo. Mgongo wangu nimeuacha njiani."

"Mgongo gani ulio nao wewe?" Orrin Haugland alimjibu, amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Umekaa juu ya trekta miaka nenda miaka rudi, umebaki makalio matupu."

"Ndiyo hayohayo yaliyokubebea mzigo. Yashukuru."

"Umeipata wapi safari hii?"

"Mabomba ya zamani. Jamaa mmoja ng'ambo ya ziwa anabomoa nyumba ya bibi yake. Risasi safi, laini kama siagi. Nikamwambia usitupe, bwana, ninaye mchawi wangu kule Tamarack Fork anajua la kuifanya."

Orrin akacheka. Kuitwa mchawi alikupenda, ingawa asingekiri hata kwa kuapishwa.

"Na vile vichwa vya risasi nilivyokumiminia mwezi uliopita? Vilikwendaje?"

Gaylen aliegemea ukuta, kama mtu anayekumbuka utamu wa kitu. "Jumapili nilipiga vitano, mita mia. Matundu yote ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa ya bia. Hobart alikuwepo, muulize. Akaniambia, huyu kizee anatia nini kwenye yale mafuta yake? Nikamwambia hata mkewe hajui."

"Mkewe anajua sana," Arlys alisema kutoka jikoni. "Mkewe ndiye anayekwangua nta kwenye sufuria zake."

Wote watatu wakacheka. Gaylen akachukua makopo mawili ya kahawa yaliyojaa vichwa vipya, moja lake, moja la wenzake wa klabu ya shabaha. Akayapakia kwenye pikapu yake akaenda zake. Orrin alibaki kibarazani mpaka mngurumo wa gari ukaishia kwenye kona ya daraja. Alikuwa ameuona ukingo wa kofia ya rafiki yake alipopita mbele yake, na buti zake. Uso hakuuona. Ulikuwa mwaka wa pili sasa tangu aone uso wa mtu yeyote.

Ugonjwa ulikuwa umekula katikati ya macho yake na kuacha pembeni. Akitazama mlima, aliona mbingu juu na misonobari chini, na pale ulipopaswa kuwa mlima palikuwa na doa la kijivu. Daktari wa mjini Missoula alimwambia kwa upole kwamba hatapofuka kabisa, na kwamba asiendeshe gari tena. Orrin alirudi nyumbani akamwapisha Arlys asimwambie mtu. Funguo za gari alizitundika jikoni, akatangaza kuwa goti linamsumbua. Mtaa mzima ukasema pole kwa goti.

Kumimina vichwa vya risasi kulikuwa ni kazi yake tangu ujana, hata kabla hajaingia kiwanda cha mbao. Alivimimina kwa ajili ya raifali za wenzo, zile ambazo mtu husukuma mkono wa chuma chini ya kifyatulio na kuurudisha kabla ya kila mlio. Katika bonde lile hakuna nyumba isiyo na moja, ya baba au ya babu, nyuma ya mlango. Na raifali hiyo ina masharti yake. Risasi hulala ndani ya mrija chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa kitako cha ile. Pua ikiwa kali, mshtuko mmoja tu unatosha kuifanya ichome fataki, ile ya kuwashia baruti, kitakoni mwa mwenzake, na mrija ukalipuka mkononi mwa mtu. Kwa hiyo Orrin alikuwa na kalibu moja tu ya kumiminia, ya kichwa chenye pua bapa, na mtu aliyekuja kumwomba kichwa chenye ncha alifukuzwa kwa maneno ambayo mkewe hakupenda yasikike na majirani.

Kisha yalikuwapo mafuta. Kichwa cha risasi kikipita mtutuni kikavu, huacha utando wa madini ndani ya mifereji ya chuma, na baada ya milio michache bunduki haijui tena inakopiga. Orrin aliyeyusha nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, akaongeza kidogo kitu cha tatu ambacho hakukitaja. Vichwa alivisimamisha kwenye bati la kuokea keki, safu kwa safu, akamwaga mafuta ya moto mpaka yakafunika mifereji iliyokizunguka kila kimoja kiunoni. Yalipoganda, alivisukuma kimoja kimoja vitoke. Mafuta yakiwa magumu mno, baridi ya Novemba huyabandua. Yakiwa laini mno, joto la Julai huyayeyusha yakaingia kwenye baruti. Yeye aliyapima kwa kuyaminya kati ya kidole gumba na cha shahada, na hapo macho hayakuhitajika.

Shida ilikuwa kuchambua. Kichwa kizuri kina kitako chenye ukingo mkali pande zote, ngozi isiyo na makunyanzi, na hakina kishimo. Zamani aliviinua dirishani kimoja kimoja, kama mwanamke anayechambua mchele, na katika kila vitatu, viwili vilirudi kwenye chungu. Sasa aliviviringisha vidoleni, akapitisha ukucha kitakoni. Alijiambia kuwa vidole vyake vilikuwa vimejifunza. Tena si Gaylen mwenyewe alisema? Matundu matano chini ya kifuniko cha chupa. Alfajiri Orrin alipokaa mkahawani na wazee wenzake, hadithi hizo ndizo alizozisimulia: dume la kulungu lililoanguka palepale kule mtoni, Hobart aliyeacha kununua vichwa vya dukani. Wazee walisikiliza. "Hongera, Orrin," walisema. Cleta, mwenye mkahawa, alimwongeza kahawa bila kuombwa.

Jumanne Arlys alikwenda kanisani kushona na akina mama wenzake. Orrin akawasha jiko la gesi kwenye kibanda cha zana, akaweka chungu cha chuma, akachukua kitofali cha kwanza katika vile vya Gaylen. Kilimponyoka, kikaanguka sakafuni.

Kikalia. Ting.

Orrin aliinama pale alipo, mkono umenyooshwa, akasikiliza. Risasi ya mabomba hailii. Ni laini, ikianguka inatoa sauti ya kiazi. Inayolia ni ile iliyochanganywa na bati na madini ya antimoni ikawa ngumu, kama aichanganyavyo yeye. Akakiokota, akakikandamiza kwa ukucha. Ukucha haukuingia.

"Mpuuzi huyu," alisema kwa sauti. "Hajui kutofautisha risasi ya bomba na ya betri."

Hakuwaza zaidi. Alivitia chunguni, akasubiri, akatupia kipande cha nta, akakoroga. Moshi ulipopungua akachukua kijiko kirefu chenye matundu akaanza kuengua taka zilizoelea. Alipozikung'uta kwenye bati, kitu kikagonga. Akaengua tena, vikagonga viwili. Akazima jiko. Alingoja mpaka bati likapoa, ndipo akapapasa ndani ya majivu.

Vilikuwa vikofia vya shaba. Kila kichwa alichomimina Orrin alikivisha kitakoni kikofia cha aina hiyo, kidogo kuliko kifungo cha shati, ili moto wa baruti usikiyeyushe. Katika bonde lote hakuna mwingine aliyejisumbua navyo. Akakisugua kimoja kwa kidole gumba, ukingo wake wote, mara kadhaa. Kikofia kilichopita mtutuni hutoka na michirizo ya mifereji, na mgongo wake hubonyea kwa shindo. Hiki kilikuwa laini na mviringo kamili, kama siku alipokivisha kwa mkono wake.

Vichwa hivi havikuwahi kupigwa. Vilitoka kwenye kopo, vikaenda chunguni kwa Gaylen, vikarudi kwake vikiwa vitofali. Yeye akavimimina tena. Mara ngapi? Alikumbuka mabomba ya sasa, na kabla yake vizito vya kusawazishia magurudumu kutoka gereji, na kabla yake paa la kanisa la zamani. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikuwa akimimina risasi ileile, na Gaylen akija kila mwezi kuichukua na kuisifu.

Arlys alimkuta hapohapo, chungu kimeganda.

"Umeungua?" aliuliza mbio, akamshika mikono akiitazama.

"Sijaungua. Gaylen anafanya nini na vichwa vyangu?"

Kama angeshangaa, kama angesema vichwa gani, Orrin angeendelea kumkasirikia mtu mmoja tu. Lakini Arlys aliachia mikono yake polepole, akageuka kukitazama kile chungu.

"Na wewe?" Orrin alisema.

"Orrin."

"Na wewe, Arlys?"

"Mimi ndiye niliyemwomba." Alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo. "Alikuja hapa ukiwa umelala. Akaniambia hawezi tena kuvipiga, ni vibovu, na hajui akwambieje. Nikamwambia usimwambie. Endelea kuvichukua."

"Kwa hiyo anajua macho yangu."

"Kila mtu anajua macho yako, mume wangu. Unamwagia kahawa mezani pale mkahawani, unafikiri Cleta anapangusa huku amefumba macho?"

Orrin aliguswa na hilo kuliko vikofia vyote. Aliwaona wale wazee wakimsikiliza, hongera Orrin, hongera. Nyuso zao hakuziona kamwe, na sasa alijua zilikuwaje.

"Mmenilea kama mtoto," alisema. "Mmenipa udongo nichezee."

"Ulitaka nifanye nini?" Sasa Arlys alipandisha sauti. "Ulitoka kwa yule daktari ukakaa kwenye kile kiti majira yote ya baridi, huli, huongei, ukiulizwa unasema ndiyo. Kitu pekee kilichokuinua ni kile chungu. Ningekunyang'anya? Hebu niambie mwanamke gani angekunyang'anya!"

"Nipeleke kwa Gaylen."

"Leo hupelekwi popote. Kwanza ule."

"Nitakwenda kwa miguu, barabara kuu, katikati. Chagua."

Arlys akachukua funguo.

Gaylen alikuwa ghalani akichomelea kitu. Alizima mashine alipowaona wawili hao, Arlys mbele na Orrin akifuata ubavu wa gari kwa mkono. Labda alijua kutokana na uso wa Arlys, kwa sababu hakutania.

Orrin akamnyooshea kikofia cha shaba kiganjani. "Paa la kanisa," alisema.

"Sikia, ndugu yangu..."

"Mabomba ya bibi. Laini kama siagi. Yako wapi yale makopo uliyochukua juzi?"

Gaylen alimtazama Arlys. Arlys alitazama pembeni.

"Usimwangalie yeye! Nimeuliza wewe."

"Yapo. Chini ya meza."

"Na kopo la wenzako wa klabu?"

"Yote yapo, Orrin. Hakuna wa klabu aliyewahi kupata."

"Na Hobart?"

"Hobart anajua. Mimi ndiye niliyemwambia aseme vile ukimwuliza."

Orrin aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehesabiwa vitu vyake vilivyoibwa. "Jaza vitano," alisema. "Toka kopo lolote. Jaza, tutoke nyuma, upige."

"Ya nini, bwana wee? Turudi ndani, nikutilie kitu cha kunywa, tuzungumze kama watu."

"Miaka miwili umenisimulia jinsi vinavyopiga. Leo nataka kuwepo."

Gaylen alikaa kwenye meza yake, akajaza baruti kwenye maganda, akavishindilia vichwa kimoja kimoja. Orrin alisimama nyuma yake. Alisikia mkono wa mashine ukipanda na kushuka, na kila uliposhuka alisikia pumzi ya Gaylen, nzito, ya mtu anayefanya kitu asichokitaka. Arlys alikuwa amerudi kukaa garini.

Nyuma ya ghala palikuwa na tuta la udongo lililobandikwa karatasi ya shabaha. Gaylen aliegemeza raifali juu ya nguzo ya uzio. Akapiga. Akasukuma wenzo, ganda likaruka kwenye majani. Akapiga tena. Alipomaliza ya tano akaishusha raifali. Orrin alishika waya wa juu wa uzio, akaufuata mpaka mwisho, kisha akatembea mikono mbele hadi akaligusa tuta, kisha ubao, kisha karatasi.

Akaisoma kwa vidole. Matundu matatu yalikuwa karibu na katikati, yamegusana, kidole kimoja kiliyafunika yote. Akaendelea kupapasa. La nne lilikuwa chini kabisa pembeni, na halikuwa tundu la mviringo bali mpasuko mrefu. Kichwa kile kilifika kikiwa kimelala ubavu, kinabingirika hewani kama fimbo iliyotupwa. La tano alilitafuta juu, chini, kwenye ubao wenyewe. Hakulipata.

"Ndivyo vinavyokuwa," Gaylen alisema. Alikuwa amemfuata, amesimama hatua chache nyuma. "Vitatu vizuri, viwili ovyo. Siku nyingine vinne ovyo. Vingine vina kishimo ndani ya mfereji, mafuta hayakai, mtutu wangu unajaa utando. Nilivumilia mwanzoni. Halafu nikampiga yule jike, unakumbuka nilikwambia dume lililoanguka mtoni? Lilikuwa jike. Halikuanguka. Nilimvunja taya. Nililala porini nikimfuata damu, nikampoteza. Sijawahi kumfanyia mnyama hivyo maishani mwangu."

"Na ukaja ukaniambia ameanguka palepale."

"Nikaja nikakwambia ameanguka palepale."

Orrin bado alikuwa ameweka kidole juu ya yale matundu matatu. "Hivi vitatu ni vyangu," alisema. "Mafuta ni yangu, mchanganyiko ni wangu. Mikono haijafa. Si umeona?"

"Nimeona."

"Basi kilichokosekana ni kuangalia tu. Mtu wa kukaa na mimi mezani, mimi nimimine, yeye achambue, kizuri huku, kibaya huku. Saa moja. Jumamosi ulikuwa unakuja hata hivyo, Gaylen. Ulikuwa unakunywa kahawa yangu hata hivyo."

Gaylen alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya kubebea ndama, na kwa mara ya kwanza hakujua aiweke wapi. "Nilifikiri utaona aibu," alisema hatimaye.

"Nilikuwa na aibu tayari. Nilikuwa nayo kabla yako. Sasa ninayo hiyohiyo, ila rafiki sina."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Uongo wa risasi ningekusamehe. Ulinihurumia, sawa. Lakini zile hadithi? Kifuniko cha chupa! Nilizipeleka mkahawani kwa mdomo wangu mwenyewe. Mlikuwa mnakaa mnaniangalia nazisema."

"Hakuna aliyecheka, Orrin. Naapa. Hakuna hata mmoja."

"Najua hamkucheka. Afadhali mngecheka."

Aliushika tena waya, akarudi kuelekea gari. Gaylen alinyoosha mkono amshike kiwiko palipokuwa na shimo, na Orrin akauondoa mkono ule, si kwa nguvu, akaingiza mguu shimoni, akayumba, akasimama, akaendelea.

Wiki ile Arlys alilazimishwa kupakia kila kitu: chungu, upawa, kalibu, mabati ya nta, kasha la vikofia. Alijaribu kuficha kalibu chini ya kiti cha gari, na Orrin, aliyemjua, alipapasa chini ya kiti akaitoa. Wakavipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kando ya barabara kuu. Kijana wa pale aliirusha kalibu juu ya lundo la rejeta. Orrin alisikia ilipoangukia.

Mkahawani hakwenda tena. Alisema ni goti. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyekuja kumwambia kuwa hamwamini. Majira ya joto yakapita, yeye na Arlys wakizungumza mambo ya mfereji wa paa, mbwa wa jirani, dawa. Usiku Orrin alimgeuzia mkewe mgongo. Alfajiri moja alimsikia akilia bafuni, bomba limefunguliwa ili asisikie. Alifika mpaka mlangoni. Aliinua mkono kugonga, akaushusha. Hakujua angeanza na neno gani ambalo halingeishia kwenye kile kibanda.

Oktoba, theluji ya kwanza imeshaanguka milimani na bondeni, Gaylen alikuja. Orrin alilijua gari likiwa bado darajani. Alikuwa jikoni, na Arlys alikuwa amekwenda posta, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumtuma mlangoni. Akafungua mlango wa mbao, ule wa wavu akauacha umefungwa.

"Habari za hapa," Gaylen alisema.

"Salama."

"Nimeleta paja la kulungu. Dogo, lakini limenona."

"Weka hapo chini. Arlys atalichukua."

Paja likawekwa. Buti hazikuondoka. Orrin aliziona pembeni mwa jicho, zina tope la zizini, kisigino kimoja kimeliwa upande.

"Nimekuwa nikiwaza," Gaylen alisema. "Lile ulilosema pale kwenye tuta. Nimeliwaza kila siku, ndugu yangu, si utani. Jumamosi nije. Tukae mezani, mimi na wewe. Wewe umimine, mimi nichambue. Hata bila kupiga, basi tukae tu."

Orrin alishika fremu ya mlango. "Vyombo sinavyo," alisema. "Nimevipeleka chakavu."

"Kalibu zinauzwa. Nitanunua."

"Ile ilikuwa na umri wa ndoa yangu."

"Basi tutanunua mpya, tuizoeshe. Kuna ubaya gani? Pua bapa hiyohiyo. Nitakusomea kipimajoto cha chungu, nitaonja hata hayo mafuta yako ukitaka." Alijaribu kucheka. "Orrin. Nakuomba."

Ungemsikia, usingeamini kuwa ni Gaylen Motz anayeomba. Orrin naye alisikia. Alijua kwamba akisema ndiyo, Jumamosi meza itakuwa na watu wawili, na Arlys atakwangua nta huku akinung'unika, na itakuwa karibu kama zamani. Na alijua kuwa kila Gaylen atakaposema "hiki kizuri," yeye atajiuliza. Ataviviringisha vidoleni vyote upya, kila kimoja, akitafuta uongo.

"Utanichambulia," alisema, "nami nitajuaje?"

Gaylen alipoanza kujibu, Orrin alikuwa ameshaufunga mlango wa mbao.

Arlys alirudi akalikuta paja kibarazani na nyayo kwenye theluji nyembamba. Alizitazama jinsi zilivyosimama muda mrefu mahali pamoja, zikiyeyusha theluji chini yake. Aliingia, akaweka nyama juu ya meza kwa nguvu.

"Wewe ni mtu mgumu," alisema. "Mgumu na mjinga. Hatujabakiwa na wengi, Orrin. Unawahesabu kweli?"

Jioni Arlys alipika nyama ile kwa vitunguu na viazi, harufu ikajaa nyumba nzima, akapakua sahani mbili. Orrin alikula viazi. Nyama aliisukuma pembeni, kule ambako bado aliweza kuiona.